Mdudu wa mgonjwa na mdudu wa chupa

Majuzi binti mmoja anayesoma famasi alinipigia simu saa nne usiku. "Shikamoo kaka. Nimekamatwa na sapu ya Mikro." Yaani amefeli mikrobiolojia, somo la bakteria na wenzao, na atarudia mtihani. Nikamuuliza anasoma kwa kutumia nini. Madesa ya waliotangulia, akasema, na past pepa. Nikamwomba anitumie hizo past pepa. Zikaingia picha tano kwenye WhatsApp, mbili zimepigwa karatasi ikiwa mapajani, na nikazisoma zote kabla ya kulala.

Nayaweka maswali kwa Kiswahili. "Taja sifa tano za Staphylococcus aureus." "Tofautisha bakteria wa Gram chanya na wa Gram hasi." "Orodhesha magonjwa manne yanayoletwa na Streptococcus pyogenes." (Gram ni rangi ya maabara inayowagawa bakteria makundi mawili.) Hayana ubaya. Muuguzi anapaswa kuyajua, daktari pia, na mteknolojia wa maabara anayajua kutuzidi sote. Hapo ndipo penye shida yangu: ukifuta jina la kozi juu ya karatasi, huwezi kusema mtihani ule ni wa nani. Katika pepa zote tano sikuona swali hata moja lililoiangalia dawa yenyewe kama mahali ambapo mdudu anaweza kuingia, akakaa, akazaana.

Nasema mdudu kwa makusudi. Kwenye kaunta ndilo neno lenyewe: bakteria, fangasi, virusi, wote ni mdudu. Na mfamasia ana wadudu wawili. Wa kwanza yuko mwilini mwa mgonjwa, na kazi yetu ni kusaidia kupata dawa itakayomuua. Wa pili yuko ndani ya chupa, kidonge au tyubu, na kazi yetu ni kuhakikisha hakufika humo kabisa. Yule wa kwanza tunagawana na fani nyingine. Huyu wa pili ni wetu. Tukimkosa sisi, daktari na nesi watamchoma mgonjwa kwa sindano wakidhani wanamtibu. Lakini shahada zetu za famasi, kwa nilivyozipitia na kwa ninavyowasikia wanaozisoma leo, humfundisha wa kwanza kwa kituo, na wa pili mbiombio, mwishoni mwa muhula, bumu limeisha na kila mtu anawaza fildi.

Nilipopita mimi tulikaa ukumbi mmoja na wanafunzi wa udaktari. Mhadhiri wetu alikuwa fundi wa kufundisha, daktari wa siku nyingi, na mifano yake yote ilitoka wodini. Nakumbuka hadi leo alivyosimulia harufu ya kidonda chenye bakteria Pseudomonas. Simlaumu. Alifundisha anachokijua. Ila hakuna siku aliyotuambia kwamba huyo huyo Pseudomonas anaweza kuishi kwenye maji yaliyochujwa vizuri kabisa, karibu bila chakula, akisubiri mtu ayatumie kutengenezea dawa.

Ningepewa kozi hiyo ningeanzia Devonport. Mwaka 1972, katika hospitali ya huko, mjini Plymouth, Uingereza, wagonjwa waliotundikiwa dripu za dekstrosi, yaani maji ya sukari, walizidiwa ghafla badala ya kupata nafuu, na vifo vya watano vikahusishwa na dripu hizo. Chupa zilikuwa na bakteria. Tume iliyoongozwa na wakili Clothier ikafuatilia hadi kiwandani. Toleo lile, yaani chupa zilizopikwa kwa mkupuo mmoja, lilikuwa limetengenezwa mwaka uliotangulia, na chupa za sehemu ya chini ya otoklevu hazikuwa zimepata moto wa kutosha, kwa sababu hewa ilinaswa humo na mvuke haukufika.

Anayepika maharage kwa presha kuka atanielewa. Otoklevu ni ndugu yake mkubwa: mvuke unabanwa hadi joto linafika nyuzi 121, unakaa hapo dakika 15, kazi imekwisha. Watu wengi hudhani presha ndiyo inayoua. Presha haiui mtu yeyote humo. Inachofanya ni kuuwezesha mvuke kufika joto hilo. Hewa ikibaki ndani, mshale wa presha unaweza kusimama pale pale unapotakiwa huku chini joto halijafika. Na kule kiwandani kulikuwa na kipimajoto cha sehemu ya chini, na kilisema kweli: joto halikupanda. Waliokuwa zamu walitazama vipimo vingine, wakaona viko sawa, wakaamua kwamba kipimajoto ndicho kibovu.

Huwa nasimama hapo kila ninapoisimulia habari hii kwa vijana. Mtu mmoja, vipimo viwili vinavyopingana, na gari linasubiri kupakia. Yule aliyekariri kwamba bakteria Klebsiella ni Gram hasi hatapata msaada wowote hapo. Anayejua kwamba mvuke wenye hewa hauna joto la mvuke mtupu atafungua mlango, atarudia kazi, na atagombana na bosi wake.

Sasa watu husema: lakini chupa zilipimwa baadaye kuona kama zina mdudu, si ndiyo kazi ya maabara? Hebu tupige hesabu ambayo haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Tuseme katika kila chupa 100, moja ina mdudu. Kwa dripu hilo ni balaa, maana toleo la chupa 5,000 lina chupa 50 za sumu. Unachukua chupa 20 bila kuchagua, unaziotesha uone kama kuna mdudu atakayezaana. Uwezekano wa zote 20 kuwa safi ni 0.99 kuzidisha kwa yenyewe mara 20, yaani takriban asilimia 82. Mara nane katika kumi, toleo lile bovu litafaulu mtihani na kupewa cheti. Ni kama kuchota kiganja kimoja cha mchele kwenye gunia na kutangaza kwamba gunia halina mawe. Ndiyo maana watu wa viwandani waliofunzwa vizuri huliamini jedwali la joto na muda kuliko majibu ya kuotesha.

Na kufa kwenyewe kuna hesabu yake, ambayo kwa maoni yangu ndiyo somo zuri kuliko yote katika mikrobiolojia ya famasi, na ndiyo inayorukwa. Bakteria hawafi kwa mkupuo. Muda fulani wa joto huua tisa katika kila kumi. Muda mwingine kama huo huua tisa katika kila kumi ya waliobaki. Na kuendelea hivyo. Muda huo huitwa thamani ya D. Chukua spora (bakteria aliyejifunga ganda gumu) za Geobacillus stearothermophilus, ambazo ni ngumu kufa kiasi kwamba ndizo hutumika kuijaribu otoklevu, na tuseme D yake kwenye nyuzi 121 ni dakika moja na nusu. Chupa imeanza na spora milioni moja. Baada ya dakika 9 imebaki moja. Baada ya dakika 10 na nusu imebaki sehemu ya kumi ya spora.

Darasa hucheka hapo. Sehemu ya kumi ya mdudu ndiyo nini? Hakuna kitu kama hicho. Maana yake ni kwamba ukiwa na chupa kumi za namna hiyo, moja bado ina mdudu mzima, hai. Zikitimia dakika 15, ni chupa moja katika 10,000. Kiwango kinachokubalika kwa sindano na dripu ni moja katika milioni, kwa hiyo chupa hii, pamoja na dakika zake 15 kamili, haijafika. Sasa rudi mwanzo, safisha maji, vifaa na mikono, uingize kwenye otoklevu chupa yenye spora 100 tu. Moto ule ule, dakika zile zile, na matokeo ni moja katika milioni 100. Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe haambiwi tena kwamba usafi wa chumba unatangulia mtambo, wala hatamsikiliza msimamizi anayesema "si itapikwa tu".

Kuna na lile la maiti. Bakteria wa Gram hasi akifa kwa moto anaacha vipande vya ukuta wake, endotoksini, ambavyo otoklevu ya kawaida haiviondoi. Ukivichoma kwenye mshipa, mgonjwa anatetemeka na kupandisha homa kali, hata kushuka presha hadi kufa, ingawa dripu haina mdudu hai hata mmoja. Mmarekani Florence Seibert ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1920, kwamba homa za baada ya sindano zilitokana na bakteria waliokuwa wameota ndani ya maji yaliyokwisha kuvukizwa. Kwa hiyo swali la mfamasia halikomi kwenye "wamekufa?" Anauliza pia "walikuwepo wangapi kabla hawajafa?"

Wenzangu hunipinga, na hoja yao si nyepesi. Wahitimu wengi, wanasema, hawatagusa otoklevu ya kiwanda maishani. Tanzania inaagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje; wengi wetu huishia kaunta ya duka au dirisha la hospitali. Kwa nini tuwachoshe na thamani ya D?

Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba viwanda hivyo tunavitaka, tunaviimba kwenye kila bajeti, na vingine tayari vipo. TFDA, mamlaka yetu ya kudhibiti dawa, ambayo sasa ni TMDA, ilifikia daraja la 3 la udhibiti la Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, ya kwanza barani Afrika. Ni sifa ya kweli. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Anayebaki zamu ya usiku kando ya mtambo ni kijana aliyetoka kwetu na cheti chetu.

La pili ni kwamba kaunta yenyewe imejaa mdudu wa chupa, ila hatumwoni. Mama anakuja na dawa ya macho iliyofunguliwa miezi mitatu iliyopita, mtoto wa pili naye macho yamekuwa mekundu, anauliza kama aitumie. Tarehe ya mwisho kwenye boksi ni mwaka kesho. Halafu anatoa na amoksilini ya maji iliyochanganywa mwezi uliopita. Zote mbili unamwambia atupe, na ni sahihi, lakini kwa sababu mbili tofauti kabisa. Amoksilini ikishakutana na maji inaanza kuvunjika yenyewe, kwa kemia, hata kama hakuna mdudu aliyeigusa. Dawa ya macho ilikuwa salama hadi kizibo kilipofunguliwa. Tangu hapo kila ncha inapogusa kope inavuta kitu ndani, na kihifadhi kilichowekwa humo kina kikomo, ndiyo maana tunahesabu siku 28. Nimewauliza wahitimu kadhaa waje na sababu hizo. Wengi walinijibu "ime-expire". Haija-expire, ndugu yangu.

Na asidhani mtu kwamba natafuta pa kutishia. Uswidi, miaka ya 1960, vidonge vya kutibu tezi ya shingo, vidonge vikavu kabisa, viliambukiza watu zaidi ya 200 Salmonella. Marekani, 2012, famasi moja ya kuchanganyia dawa mjini Framingham, Massachusetts, ilitoa sindano za steroidi zenye fangasi. Waliougua walizidi 750, waliokufa walizidi 60, na baadhi ya wafamasia wa mahali hapo wakaishia jela. Tena Marekani, 2023, matone ya kulainisha macho yaliyotoka India: watu 81 katika majimbo 18, wanne wakafa, 14 wakapoteza uwezo wa kuona. Chupa ile ilikuwa ya kutumiwa mara nyingi, na kihifadhi hakikutosha. Hilo ndilo swali ambalo mwanafunzi wa famasi angepaswa kuliuliza: chupa inayofunguliwa mara nyingi inalindwa na nini?

Kisa hicho cha mwisho kina jambo jingine. Mdudu aliyekuwa kwenye matone yale, Pseudomonas aeruginosa, alikuwa sugu kwa kabapenemu, dawa tunazoziweka akiba kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Yaani wadudu wetu wawili walikutana ndani ya chupa moja.

Nikimgeukia huyo wa kwanza, yule wa mgonjwa, ambaye ndiye tunayejivunia kumfundisha, sioni kama tunamfundisha vizuri pia. Mwanafunzi anatoka anajua kwamba UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ni tatizo kubwa. Anajua bango. Muulize usugu unatokeaje kwa mtu aliyemeza azithromaisini kwa mafua, ukimya unaingia.

Muhimbili kulifanyika utafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukachapishwa 2007, uliofuata watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Waliokutwa na bakteria wa Gram hasi kwenye damu, zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki. Kwa waliokuwa na malaria ni kama 20. Soma hiyo tena ukikumbuka kwamba kwenye misiba yetu anayetajwa ni malaria, si bakteria. Na usugu wa bakteria kwa dawa walizoanzishiwa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri nani atakufa. Ile tofauti ya Gram chanya na Gram hasi, ambayo binti yangu wa sapu anaikariri kama rangi za bendera, zambarau na pinki, ilikuwa pale kama mpaka kati ya mtoto anayerudi nyumbani na asiyerudi. Gram hasi ana utando wa nje wa ziada, na dawa nyingi hugonga hapo na kurudi. Ukiambiwa hivyo, rangi haisahauliki.

Halafu kuna "maliza dozi". Tumeligeuza kuwa mikrobiolojia yote ya kaunta. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu ni neno la uhai, halina mjadala. Lakini aliyepewa amoksilini kwa mafua, ambayo ni virusi, anapomaliza dozi anafanya nini hasa? Anawachuja bakteria wa tumboni mwake, mabilioni ya E. koli ambao hawakuwa na kosa, siku tano mfululizo, akibakiza wale wanaohimili dawa. Miezi michache baadaye mmoja wao anapanda kwenye njia ya mkojo, na tunaita "UTI sugu". Dozi ile ilimalizwa barabara; haikupaswa kuanza. Bango halisemi hivyo, kwa sababu bango linatazama mdudu mmoja, na mwilini wako wengi.

Ukijua hivyo, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzigawa antibayotiki katika mafungu matatu, za kutumika kawaida, za kuangaliwa na za akiba, unaacha kuwa jedwali la kukariri. Amoksilini iko la kwanza. Azithromaisini na seftriaksoni, zinazouzwa mitaani kama karanga, ziko la pili. Na Ampiclox, ambayo hakuna nyumba isiyoijua, mchanganyiko wake uko kwenye orodha ya isiyopendekezwa kabisa. Kijana akiwa kaunta, mteja ana elfu tatu mkononi na hana cheti cha daktari, anahitaji maneno ya kumwambia. "Sheria hairuhusu" ni kweli, lakini mteja anavuka barabara tu. Nimeona mara nyingi kwamba maelezo ya wale wa tumboni humsimamisha mtu zaidi kuliko sheria. Si kila mara.

Wahadhiri watasema vifaa. Ni kweli, vifaa ni taabu. Sisi tulikuwa kumi na wawili tukichungulia sahani moja ya petri, na wa nyuma walichora walichosikia. Agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, ni ghali na inatoka mbali. Lakini hesabu ya chupa 20 haihitaji agari. Thamani ya D inahitaji karatasi na penseli. Habari ya Devonport inahitaji mhadhiri aliyeisoma. Kwa vitendo, chukua chupa tatu za matone ya macho zilizotumika nyumbani, ziotesheni kwa pamoja darasa zima, mwone kilichomo.

Kwa hiyo usiku ule, badala ya kumtumia yule binti majibu, nilimwandikia swali. "Chupa 5,000 za dekstrosi zimetoka kwenye otoklevu. Mshale wa presha ulisimama sawasawa dakika zote 15. Kipimajoto cha chini hakikufika nyuzi 121, na fundi anasema kimekuwa kikisumbua tangu wiki iliyopita. Chupa 20 zimeoteshwa, zote safi. Hospitali tatu zimeishiwa dripu na zinapiga simu. Wewe ndiye mfamasia wa zamu. Unasaini au husaini? Eleza kwa hesabu. Alama 20."

Alijibu baada ya dakika kumi: "Kaka, hili halijawahi kutoka." Saa sita na nusu usiku ikaingia picha ya karatasi iliyojaa 0.99.